Machipuko Huanza Masikioni

Watu wengi wanaoishi nchi za kaskazini hungoja dalili tatu kabla ya kusema baridi imekwisha: theluji iyeyuke, miti ivae majani, na koti zito lirudi kabatini. Kwa hesabu hiyo machipuko huanza Aprili, na mwaka ukiwa mkaidi, Mei. Mimi nakushauri uanze kuyatafuta mapema zaidi, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, wakati ardhi bado imeganda na kila unayekutana naye analalamikia hali ya hewa. Wakati huo mambo yameshaanza. Yameanza juu ya mapaa, ndani ya vichaka, kwenye tope la chini ya bwawa. Tatizo ni kwamba mengi ya hayo ya mwanzo hayaonekani, yanasikika. Sisi tumezoea kutazama, kwa hiyo yanatupita.

Naandika hasa kwa ajili ya mtu asiyejua ndege hata mmoja wa huko kwa jina. Huhitaji darubini kwa kuanzia, wala huhitaji kusafiri kwenda msituni. Unahitaji mahali pamoja, dakika chache, na moyo wa kurudi palepale.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachowaamsha ndege. Sio joto hasa. Joto la Februari ni la kubahatisha: leo jua, kesho theluji, na ndege atakayetaga kwa kuamini siku mbili za jua atapoteza makinda wake wote. Kisichobahatisha ni urefu wa mchana. Tarehe 21 Desemba jua la London hukaa juu kwa muda wa saa 8 hivi. Mwishoni mwa Februari muda huo umekaribia saa 11, na ikifika tarehe 20 Machi au siku inayofuata, usiku na mchana unapokaribia kulingana dunia nzima, ni saa 12 na ushei. Wakati huo mchana wa London hurefuka kwa karibu dakika 4 kila siku. Stockholm, iliyo kaskazini zaidi, huongeza zaidi ya dakika 5. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako jua halina habari ya kuwahi wala kuchelewa, huchukua muda kulizoea jambo hili. Nadhani ndiyo sababu macho yetu hukimbilia kipimajoto badala ya dirisha.

Aliyeonyesha nguvu ya mwanga kwa majaribio ni William Rowan, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada. Katika miaka ya 1920 alikamata ndege wadogo waitwao junko walipokuwa wakihamia kusini, akawaweka katika vizimba vya nje huko Edmonton, mahali ambapo baridi haina mchezo. Akawawashia taa za umeme jioni, akiwaongezea mwanga kidogo kidogo. Katikati ya majira ya baridi, nje kukiwa kumeganda, viungo vyao vya uzazi vilikua kana kwamba machipuko yamefika. Wenzao waliokaa bila taa katika baridi ileile hawakubadilika. Tangu niliposoma habari za jaribio hilo niliacha kuuliza nje kuna nyuzi ngapi za joto. Nauliza jua limezama saa ngapi. Ndege wanaishi kwa swali hilo.

Sasa masikio. Fungua dirisha asubuhi moja ya Februari isiyo na upepo, hata kwa dakika tano, au simama nje ukielekea kazini. Faida kubwa ya kuanza mapema ni kwamba waimbaji bado ni wachache. Mwezi wa Mei, alfajiri ya bustani ya kawaida ya Ulaya hujaa sauti nyingi kwa pamoja hivi kwamba anayeanza hawezi kutenganisha moja na nyingine, na wengi hukata tamaa hapo. Februari huimba wawili watatu. Unamjua mmoja, unamzoea, halafu anaongezeka wa pili. Anapokuja wa tatu tayari una wenyeji wawili wa kumpimia. Sijui njia nyingine ya kujifunza ambayo maumbile yenyewe yameipanga kwa utaratibu mzuri hivyo, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya wanaoanza humpeleka mtu nje Mei, msimu ulio mgumu kuliko yote.

Wa kwanza ninayemsubiri ni ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, mashavu meupe, na kifua cha manjano kilichopasuliwa katikati na mstari mweusi. Yumo karibu Ulaya yote, mashambani na mijini. Wimbo wake ni noti mbili tu, ya juu na ya chini, zinazorudiwa bila kuchoka, kama mtu anayejaza upepo kwenye tairi kwa pampu ya baiskeli. Huanza hata Januari siku ikiwa na jua, ananyamaza baridi ikirudi, kisha anaanza tena. Ukiisikia sauti hiyo mara moja kwa uhakika, utashangaa kwamba ilikuwa mtaani kwako miaka yote.

Halafu kuna kigogota. Yeye haimbi, anapiga ngoma. Mwishoni mwa majira ya baridi huchagua tawi kavu lenye mwangwi na kuligonga kwa mdomo zaidi ya mara kumi ndani ya sekunde moja, kisha hunyamaza kusikiliza kama kuna mpinzani anayejibu. Watu hudhani anachimba kiota au anatafuta wadudu. Kuchimba na kutafuta chakula kuna mdundo wa polepole usio na mpangilio. Ule mfululizo mfupi wa kasi ni tangazo: hapa pana mwenyewe. Ukiusikia, simama, ngoja unaofuata, na geuza uso taratibu mpaka masikio yote mawili yausikie sawasawa. Hapo unaelekeana na mti wake. Miti haina majani bado, kwa hiyo kumwona ni rahisi kuliko utakavyoweza tena mwaka huo.

Kuna pia kile kindege chenye uso na kidari cha rangi ya chungwa iliyokolea, ambacho Waingereza hukichora kwenye kadi za Krismasi. Huyu huimba hata katikati ya baridi, dume na jike, kila mmoja akilinda eneo lake peke yake. Sauti yake ni nyembamba, yenye maji, na ina huzuni fulani. Mara nyingi utamsikia usiku karibu na taa za barabarani. Kinachobadilika Februari ni kwamba jirani wawili waliokuwa wakifukuzana tangu vuli huanza kuvumiliana, kisha huonekana pamoja kwenye kichaka kimoja. Ukiwaona wawili wa aina hiyo wakikaa karibu bila ugomvi, ujue wameshaungana kwa ajili ya kiota.

Na jioni, mwisho wa Februari kuingia Machi, huanza yule ninayempenda kuliko wote: mkesha mweusi. Dume ni mweusi tii, mdomo wa rangi ya chungwa, na pete nyembamba ya rangi hiyo kuzunguka jicho. Jike ni kahawia. Dume hupanda mahali pa juu kabisa, ncha ya paa au antena, na kuimba taratibu, kwa sauti nene iliyotulia, akitua kati ya sentensi na sentensi. Haharakishi. Kama una jambo moja tu la kufanya kutokana na makala hii yote, liwe hili: jioni moja ya mwanzo wa Machi, jua likiwa linazama, toka nje bila simu mkononi na msikilize mkesha mweusi mpaka anyamaze.

Nimetaja simu, basi nimalizane nayo. Programu ya Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, husikiliza kupitia simu na kukutajia ndege anayeimba. Ni msaada mkubwa na haitozi chochote. Ushauri wangu ni mmoja: kabla hujaiwasha, ielezee sauti kwa maneno yako mwenyewe. Je, ni ya juu au ya chini? Inarudia au inabadilika? Inatua au inaenda mfululizo? Ukitanguliza programu, jina litabaki kwenye simu. Ukitanguliza sikio, litabaki kwako.

Tukija kwenye macho, anza na ndege ambaye wengi humdharau kwa sababu yuko kila mahali: kwezi wa Ulaya. Mwezi Desemba mwili wake umejaa madoa meupe, na mdomo ni mweusi. Mtazame tena mwisho wa Machi akiwa karibu, kwenye ukuta au nyasi fupi. Madoa mengi yameondoka, na mwili unang'aa zambarau na kijani jua likimpiga. Hakubadilisha manyoya. Madoa yale yalikuwa ncha nyeupe za manyoya yaliyoota baada ya kiangazi. Katika miezi ya baridi ncha hizo zilisagika na kulika kidogo kidogo mpaka rangi iliyofichwa chini yake ikatokea. Yaani vazi la harusi alikuwa nalo tangu vuli, alichokifanya ni kulivaa mpaka likachakaa upande wa nje. Tazama na mdomo: umegeuka manjano, na kwenye shina lake, karibu na uso, dume ana rangi ya samawati iliyofifia na jike ana waridi. Kwa macho tu, bila darubini, akiwa umbali wa hatua chache, unaweza kujua yupi ni yupi. Shomoro dume naye hupata kidevu na kifua cheusi kwa njia hiyohiyo ya kulika kwa ncha. Napenda sana jambo hili, kwa sababu linamfanya ndege wa kawaida kabisa kuwa kalenda.

Miti isiyo na majani ni zawadi, na muda wake ni mfupi. Kabla ya Aprili tembea ukitazama juu. Kunguru wale wenye uso mweupe usio na manyoya hujenga pamoja kwenye vilele vya miti mirefu kuanzia mwisho wa Februari, na utawaona wakiibiana vijiti mchana kweupe. Chini zaidi, katika vichaka vya miiba, kuna kindege kidogo chenye mkia mrefu kuliko mwili ambacho huanza kujenga mapema kupita wengi. Kiota chake ni mfuko uliofumwa kwa utando wa buibui, ukafunikwa nje kwa vipande vidogo vya kuvumwani na kujazwa ndani manyoya zaidi ya elfu moja. Ule utando unanyumbulika, kwa hiyo mfuko hupanuka makinda wanapokua. Ukikiona kindege hicho kikipita na unyoya mmoja mdomoni, usikifuate. Kaa mbali, kiota kilichogunduliwa na mtu huweza kugunduliwa upesi na kunguru na paka.

Mimea nayo ina yake. Vimaua vyeupe vinavyoinamisha kichwa, vinavyotokeza hata theluji haijaisha, kila mtu huviona. Kinachopitwa ni mheseli, kichaka kizaacho kokwa. Katika Januari na Februari vishada vyake, vilivyokuwa vigumu na vya kijani tangu vuli, hulegea, hurefuka na kuwa vya manjano. Gusa kimoja kwa kidole siku kavu, na chavua itatoka kama moshi. Hayo ni maua ya kiume. Ya kike yako kwenye tawi lilelile, na hapa lazima ulete uso karibu: ni tumba dogo la kijani lisilozidi milimita chache, lenye nyuzi nyekundu zilizokolea zinazochungulia kwenye ncha yake. Ndilo litakalokuwa kokwa vuli ijayo. Mti huu huchanua kabla ya majani kwa sababu unategemea upepo, na majani yangeizuia chavua njiani. Kuliona ua hilo jekundu kwa mara ya kwanza, katika kichaka nilichokuwa nikikipita kila siku, kulibadilisha mwendo wangu. Tangu hapo natembea polepole.

Mwerebi huja baadaye kidogo, mwezi Machi, na maua yake laini yenye chavua ya manjano ni meza ya kwanza ya malkia wa nyuki wale wakubwa, wenye manyoya, wanaovuma kwa sauti nzito. Malkia hao walilala peke yao ardhini majira yote ya baridi; jamii yote ya mwaka uliopita imekufa. Mmoja wao akitoka siku yenye jua hafifu hawezi kuruka mpaka misuli yake ya mbawa ipate joto la nyuzi 30 hivi, kwa hiyo husimama na kutetemesha misuli hiyo bila kupiga mbawa. Ukimkuta ardhini akitetemeka hivyo, mara nyingi hajafa wala haugui. Mwache apashe moto injini. Akizunguka chini chini juu ya nyasi, akiingia na kutoka kwenye mashimo, anatafuta mahali pa kuanzisha kundi jipya. Siku hizohizo tazama kipepeo wa manjano anayepita pembezoni mwa vichaka: huyo amemaliza baridi yote akiwa kipepeo kamili, amejibanza kati ya majani ya mimea itambaayo isiyopukutika.

Kama kuna bwawa karibu, lipitie kuanzia katikati ya Februari. Vyura hurudi majini na kuacha mayai yao katika mafungu yanayoelea, meupe ya ute yenye nukta nyeusi. Wale vyura wenye ngozi kavu ya vipele huja baadaye kidogo na kuacha mayai katika nyuzi ndefu zilizozungushwa kwenye mimea ya majini. Hawa wa pili husafiri usiku, mvua ikinyesha na joto likipita nyuzi 5 hivi, na hufuata njia zao za zamani hata kama pamekatizwa na barabara. Uingereza na Ujerumani wapo watu wa kujitolea wanaosimama kando ya barabara usiku huo na ndoo, wakiwavusha. Ni kazi ya baridi na matope, na ninawaheshimu sana wanaoifanya. Kama unaendesha gari usiku wa mvua mwezi Machi karibu na bwawa, punguza mwendo.

Nunua daftari. Lisiwe la kupendeza sana hata ukaogopa kulichafua. Andika tarehe, mahali, na jambo moja jipya. Mstari mmoja unatosha. Thamani ya daftari hutokea mwaka wa pili, unapofungua ukurasa wa wiki hiyohiyo na kulinganisha. Robert Marsham, mwenye shamba wa Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika dalili za machipuko shambani kwake: lini majani yametokea, lini mbayuwayu ameonekana, lini vyura wamelia. Uzao wake uliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1958. Huko Kyoto, Japani, tarehe za kuchanua kwa micheri zimehifadhiwa katika shajara na kumbukumbu za kale kuanzia karne ya 9, na kilele cha mwaka 2021, tarehe 26 Machi, kilikuwa cha mapema kuliko vyote vilivyojulikana hadi wakati huo. Walioziandika tarehe hizo walikuwa wakitazama maua yao tu. Leo ni miongoni mwa ushahidi ulio wazi kabisa kwamba dunia inapata joto.

Na ongezeko hilo la joto linagusa ndege moja kwa moja. Katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, ambako ndege wa noti mbili niliyemtaja juu wamechunguzwa tangu mwaka 1947, siku hizi hutaga mapema kuliko zamani, kwa sababu viwavi wanaowalisha makinda hutokea mapema. Hao wanaishi palepale, wanaweza kujirekebisha. Ndege anayetoka Afrika hana namna ya kujua kwamba mialoni ya Ulaya imeshachipua. Huko Uholanzi watafiti wameonyesha kwamba baadhi ya wahamiaji hufika kilele cha viwavi kikiwa kimepita, na maeneo yaliyowahi zaidi ndiyo yaliyopoteza ndege wengi zaidi. Nikiandika tarehe kwenye daftari langu, hilo halinitoki kichwani.

Kutazama peke yake hakutoshi kama unaweza kusaidia. Mwisho wa majira ya baridi ndio wakati wa njaa kali kuliko Desemba, kwa sababu mbegu na matunda ya vuli yamekwisha na wadudu hawajatoka. Kindege cha gramu 11 hutumia sehemu kubwa ya mafuta yake kwa usiku mmoja tu wa baridi, na lazima ayarudishe kabla jua halijazama. Mbegu za alizeti na karanga zisizo na chumvi ni chakula kizuri. Mkate una faida ndogo. Maji yasiyoganda yana thamani ileile, na mara nyingi husahauliwa. Safisha vyombo kila wiki kwa maji ya moto na uvikaushe. Hili silisemi kwa kupamba: nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2005, vimelea vinavyoenea kwa mate na chakula kilichochafuliwa viliwaua chiriku wa kijani kwa wingi mno, na msongamano kwenye vyombo vya kulishia ni mojawapo ya njia za maambukizi. Asiye na muda wa kusafisha ni afadhali asilishe, apande kichaka chenye matunda.

Vichaka pia: kama una ua wa miti wa kupogoa, upogoe kabla Februari haijaisha, au ungoje vuli. Ujerumani sheria inakataza kukata sana nyua na vichaka kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba. Hata pasipo sheria, fanya hivyo.

Kuanzia katikati ya Machi sikiliza wanaorudi. Wa kwanza ni kindege cha rangi ya kijani iliyofifia, kisicho na sura ya kukumbukwa, ambacho husema chif-chaf, chif-chaf kutoka juu ya mti kwa saa nzima. Wengi wao wametoka karibu, pande za Mediterania. Wakati huohuo wapo wanaoondoka: mikesha waliokuja kutoka Skandinavia kukimbia baridi kali huanza kurudi kaskazini usiku. Toka nje usiku wa Machi usio na upepo na utasikia mluzi mwembamba, mmoja, unaopita juu gizani, kisha mwingine.

Korongo weupe na mbayuwayu ni habari nyingine, na kwa Mwafrika ni habari ya nyumbani. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni majira ya baridi, na wengine baadaye waliamini hulala chini ya maji. Mwaka 1822 korongo mmoja aliuawa karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Afrika uliompenya shingoni. Alikuwa amechomwa huko, akapona vya kutosha kuruka, na kuuleta ushahidi mwilini mwake. Bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Tarehe 6 Mei 1911 wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, alimfunga mbayuwayu pete mguuni, na tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo akapatikana katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi. Safari ile ni karibu kilomita 10,000, na huifanya mara mbili kwa mwaka.

Mtafute mwanzoni mwa Aprili juu ya maji, ziwa au mto wenye utulivu, kwa sababu wadudu hutokea hapo kwanza. Kwenye majengo na mabanda huja siku kadhaa baadaye. Andika tarehe. Wa mwisho ni teleka, mweusi, mwenye mbawa zilizopinda, anayefika Mei kuanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha mwaka 2016 kwamba anaweza kukaa angani miezi 10 bila kutua, kwa hiyo usimtafute kwenye nyaya wala matawi. Mtafute juu ya mapaa jioni, wakiwa kundi, wakipiga kelele. Kwa wakati huo majani yamefunga, na karibu waimbaji wote wa bustanini hawaonekani tena. Aliyeanza Februari hapati shida: anasimama chini ya mti uliojaa majani na kumtaja kila mmoja kwa sauti yake.